Mgeni Aliyekuja na Daftari

Katika ufuo wa magharibi wa Ziwa Turkana, kilomita sitini na ushei kutoka mjini Lodwar, ipo chemchemi ya Eliye. Maji matamu hububujika mchangani chini ya mikoma, hatua chache tu kutoka ziwa ambalo maji yake yana ladha ya magadi. Wageni walipaita Eliye Springs, na jina hilo ndilo lililoingia katika ramani. Huko huonekana wavuvi, akina mama wachotao maji, na mara kwa mara msafiri aliyechoshwa na vumbi la Kakuma.

Alasiri moja walikaa pale watu watatu. Wa kwanza alikuwa binti kutoka Ulaya, mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika uhusiano wa kimataifa, aliyekuwa amekamilisha miezi mitatu ya kukusanya data kambini. Wa pili alikuwa mkalimani wake, kijana mzaliwa wa Kivu ya Kusini aliyefika Kakuma akiwa na umri wa miaka saba. Wa tatu alikuwa kijana wa Kiturkana, mwanafunzi wa chuo kilichoko Lodwar, aliyewasindikiza kwa kuwa aliijua njia. Binti alikuwa amebakiza siku tatu arejee kwao. Mkalimani alikuwa na karatasi mfukoni: kibali cha kutoka kambini, ambacho kingekwisha muda wake kesho yake.

Si ajabu kwamba mwanafunzi wa uhusiano wa kimataifa afunge safari hadi Kakuma. Kambi hiyo ilifunguliwa mwaka 1992, walipowasili maelfu ya vijana waliokimbia vita vya Sudan, na mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakafunguliwa jirani yake. Yale ambayo wengine huyasoma vitabuni kuhusu mipaka, mikataba na dola, hapo huonekana katika foleni ya maji. Kwa sababu hiyo wataalamu wengi wamepita njia hiyo. Mwaka 2018, kwa mfano, Bram Jansen wa Uholanzi alichapisha kitabu kizima kuhusu Kakuma kama mji uliozuka bila kukusudiwa. Mtafiti aombe leseni kwa Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu, apate ruhusa ya kuingia kambini, atafute mkalimani, kisha aanze kazi.

Ipo pia njia ya pili, ile itokayo Kakuma kwenda nje, nayo ni nyembamba zaidi. Tangu mwaka 1978 shirika la WUSC la Kanada limekuwa likiwadhamini vijana wakimbizi kwenda kusoma katika vyuo vya nchi hiyo, na sehemu kubwa ya gharama hutokana na michango midogo ya wanafunzi wenyewe wa vyuo hivyo. Waliokwisha kunufaika ni zaidi ya 2,000, na Kakuma na Dadaab zimetoa wengi miongoni mwao. Upo pia ufadhili wa DAFI, ulioanzishwa mwaka 1992 kwa msaada wa Ujerumani, ambao humsomesha mkimbizi katika chuo cha nchi iliyompokea. Hata hivyo, mwaka 2019 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi liliripoti kwamba wakimbizi waliofikia elimu ya juu duniani walikuwa 3% tu, ilhali kiwango cha vijana wote duniani kilikuwa 37%. Lengo lililowekwa ni 15% ifikapo mwaka 2030.

Mkalimani alikuwa amekwisha kuomba udhamini mara moja na kukosa. Safari hii alitaka kuambatanisha barua ya kuthibitisha kwamba amefanya kazi ya utafiti. Binti alikuwa amemwahidi barua hiyo tangu mwezi wa kwanza. Sasa zilibaki siku tatu, na kijana alikuwa anaona haya kumkumbusha.

Badala ya kumkumbusha, aliomba ayaone madaftari.

Yalikuwa matatu, na ndani yake mlikuwa na maneno ya watu zaidi ya arobaini. Karibu yote yalikuwa yamepitia kinywani mwake, kutoka Kiswahili cha Kongo na Kirundi hadi Kiingereza. Kiswahili ambacho binti alijifunza chuoni kwao kilimtosha kuamkia na kununua vitu dukani. Hakikumtosha kumwelewa mama anayesimulia huku akilia. Siku moja tu mkalimani aliugua malaria, na binti akaenda peke yake kwa mzee mmoja wa Kiturkana anayekaa ng'ambo ya kambi. Ukurasa wa siku hiyo ndio uliomsimamisha kijana.

"Dada," alisema, "hapa mzee alitumia neno gani?"

"Alisema wakimbizi ni wageni. Alirudia mara tatu. Hawa ni wageni wetu."

Binti alikuwa ameliandika neno hilo kwa Kiingereza kwa maana ya watu wasiojulikana, watu baki. Juu ya tafsiri hiyo alikuwa amekwisha kujenga rasimu ya sura nzima: kwamba baada ya miongo mitatu wenyeji bado wanawaona wakimbizi kama watu wasiowahusu, na kwamba uhasama hauna budi kuzuka. Mkalimani alimweleza polepole kwamba mgeni si mtu baki. Mgeni hupewa kigoda na maji kabla hajaulizwa atokako. Na mzee hakusema wageni tu, alisema wageni wetu. Kivumishi kile kidogo kilikuwa kimebeba ushahidi wote.

Binti alinyamaza. Pengine aliona miezi mitatu ikimponyoka mikononi.

Hapo ndipo kijana wa Kiturkana alipoingilia kati. "Usimdanganye, ndugu yangu," alimwambia mkalimani. "Mgeni ni mtamu, lakini wahenga wa Kiswahili hawakukomea hapo. Walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi Waturkana jembe si chombo chetu sana. Labda tungekupa mbuzi ukachunge." Wote walicheka. Kisha akaendelea bila kucheka. "Na walisema pia, mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo hapa wageni ni wawili na mwenyeji ni mmoja. Dada atapata shahada. Wewe, Mungu akijalia, utapata Kanada. Mimi nimeomba ufadhili mara ngapi, nikaambiwa fungu hili ni la wakimbizi na lile ni la watafiti kutoka nje? Mzee yule alipowaita wageni wetu, huenda alikuwa anawakaribisha, na huenda alikuwa anawadai."

Mkalimani hakumjibu upesi. Alikuwa na la kusema: kwamba mgeni wa kweli huweza kuaga aondoke, ilhali yeye kibali chake kinakwisha kesho, kwamba mwenzake aweza kupanda gari kwenda Nairobi bila kumwomba mtu ruhusa. Lakini aliona kwamba madai ya mwenzake hayakuondolewa na yake. "Basi waandike yote mawili," alisema hatimaye. "Kukaribisha na kudai. Neno lenyewe linayabeba yote."

Ufuo ule umezoea wageni wenye madaftari. Katika miaka ya 1980 fuvu la binadamu wa kale liliokotwa hapo Eliye, nalo likaingia katika vitabu vya wanasayansi. Kaskazini zaidi, huko Nariokotome, ndiko Kamoya Kimeu alikogundua mwaka 1984 mabaki ya yule ambaye dunia humwita Mvulana wa Turkana. Kimeu hakuwa msomi wa chuo; alianza kazi hiyo kama kibarua wa kuchimba. Mwaka uliofuata alikabidhiwa nishani ya National Geographic na Rais Ronald Reagan. Jina lake linakumbukwa kwa sababu kulikuwa na walioliandika. Wangapi wengine waliowashikia wageni njia, wakawafasiria na kuwasahihisha, wakaishia katika mstari mmoja wa shukrani usio na jina?

Kabla jua halijatua, binti aliandika barua kwa mkono, akiahidi kuipiga chapa watakapofika Lodwar. Mwanzo aliandika kwamba kijana alikuwa mkalimani wake. Alifuta, akaandika kwamba alikuwa msaidizi wa utafiti aliyesahihisha kosa la tafsiri ambalo lingepotosha sura nzima ya tasnifu. Kisha aligeukia kwa mwenyeji na kumuuliza yeye anataka nini. Kijana wa Kiturkana alitaka jambo moja: muhtasari wa tasnifu hiyo kwa Kiswahili, uwekwe katika maktaba ya chuo chake, nakala nyingine asomewe mzee.

Barua ilichapwa usiku ule ule. Mkalimani aliwahi lango la kambi kibali kikiwa bado hai. Udhamini hakuupata mwaka huo pia. Orodha ilitoka, jina lake halikuwamo. Aliweka barua yake ndani ya bahasha ya plastiki isiliwe na mchwa, akasubiri mwaka mwingine.

Muhtasari ulifika baada ya miezi minane, kurasa kumi na mbili za Kiswahili chenye makosa madogo madogo ya ngeli. Kijana wa Kiturkana aliupeleka kwa mzee, akamsomea huku akimfasiria kwa Kiturkana pale ilipohitajika. Walipofika penye neno wageni, mzee alimwambia asome tena. Aliposikia kwamba limeandikwa kwa maana zake zote mbili, alitikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kwamba safari hii yule binti alisikia.