Ndoano peke yake

Kwenye mafunzo ya vijana, mgeni wa shirika alisema: "Hatuwapi samaki, tunawapa ndoano." Tukapiga makofi. Papa mmoja, mvuvi wa zamani wa Uvira, alicheka tu.

Jioni nilimkuta mwaloni Ggaba, nikamuuliza alichekea nini.

"Mtoto wangu, ndoano ni kale kachuma tu." Akahesabu kwa vidole: mshipi wa kuifunga, uzito wa kuizamisha, chambo, ufito au mtumbwi. Waganda wanaiita eddobo, na wao pia hawavui na eddobo tupu. "Tena hapa kuna leseni. Mwaka 2017 wanajeshi walianza kupiga doria ziwani. Wakinikamata bila karatasi, ndoano itanitetea?"

Nilinyamaza. Mwaka jana tuligawa vyerehani vinne kwa vijana wangu, bila kitambaa, bila mahali pa kukaa na kushona. Viwili vimeshauzwa, wamelipa kodi ya nyumba. Kwenye ripoti niliandika mimi mwenyewe: "Vijana wanne wanajitegemea."

Wiki hii naandika ripoti nyingine. Safari hii nitaanza na kuuliza mshipi uko wapi.