Ziada Isiyofutika Katika Kinanda



Huenda wengi wenu hudhani kwamba kinanda kikiisha kulinganishwa vema, kila sauti huwa safi. Sivyo. Katika chuo cha ualimu nilifundishwa do, re, mi bila kuambiwa jambo hili. Nimelijua tangu nianze kujifunza kulinganisha piano kuukuu ya ukumbi wa parokia yetu, ambamo mimi ni karani.

Sababu yake ni hesabu. Kutoka do mpaka so iliyo safi ni uwiano wa 3 kwa 2. Ukipanda hatua hiyo mara 12, watazamia kuikuta do ile ile, oktava 7 juu. Lakini utaipita kidogo, karibu robo ya nusu-sauti. Ziada hiyo haifutiki. Fundi huchagua tu mahali pa kuiweka.

Mwaka 1523 Pietro Aaron wa Italia alieleza njia ya kupata do na mi tamu kabisa. Lakini ukali ulikusanyika mahali pamoja, ukalia vibaya hata ukaitwa mbwa mwitu. Mwaka 1691 Andreas Werckmeister wa Ujerumani alitoa njia nyingine: hatua 4 zipunguzwe, kila moja robo ya ile ziada, na 8 ziachwe safi. Siku hizi piano nyingi hugawanya ziada sawasawa katika hatua zote 12. Kila wimbo hupigika, wala hakuna do na mi iliyo safi.

Mimi nimemfuata Werckmeister. Naziba nyuzi za jirani kwa kitambaa kinene, nakaza uzi mmoja polepole, nasikiliza. Sauti mbili zikikaribiana hutoa mawimbi, wa-wa-wa. Zikipatana, mawimbi hunyamaza. Kazi hii yataka jioni nyingi na nyumba iliyo kimya.

Sasa nyimbo ambazo do yake ni C au F zaimbika kwa utamu. Lakini wimbo aupendao mwalimu wetu wa kwaya do yake ni D flati, na huko ndiko ukali ulikohamia. Tumepatana aushushe hadi C. Ameushusha, ila asema umepoteza mng'ao wake, nami siwezi kumwambia kwamba si kweli.

Basi, ndugu msomaji, fundi akija kwenu, kabla hajagusa uzi mwulize ataiweka wapi ziada. Tena mwalimu wa kwaya awepo.