Tukutane Kolo, Mpenzi

Kazi ilimhamishia mume wangu Dodoma, mimi nikabaki Arusha. Angani ni kama kilomita 330. Kwa barabara ya Babati na Kondoa, yapata 420. Simu zetu zikaanza kuwa fupi: “Umekula? Haya, usiku mwema.”

Safari hii tukakutana njiani, Kolo. Lami ya Dodoma hadi Babati ilizinduliwa 2018, kwa hiyo vumbi si kisingizio tena. Ofisi ya Mambo ya Kale ikatupa mwongozaji, tukapanda mlima hadi kwenye michoro myekundu ya mababu, Urithi wa Dunia tangu 2006. Kwenye mteremko akanishika mkono. Hakuuachia mpaka chini.

Wapendanao mnaoishi mbalimbali, msingoje likizo. Gawaneni njia, mkutane katikati.