Matairi matano ya safari ya Liwale



Ndugu zangu wapenzi, tangu nilipoandika kwamba tunajiandaa na safari ya Liwale nimepokea maswali mengi, na karibu yote yanafanana: "Sheikh, gari la porini tulifunge matairi gani?" Mmoja akanitania kama nimeacha darsa nimekuwa fundi tairi. Sijawa. Lakini fedha za matairi haya zimechangwa na watu, wapo waliotoa elfu tano tano, na ndani ya gari watakaa watu sita pamoja na maboksi ya dawa na vitabu. Amana ya namna hiyo humwachii mtu wa dukani akuchagulie huku wewe umekaa pembeni unakunywa kahawa. Kwa hiyo niliuliza wanaojua, nikasoma, kisha nikainama nikatazama kwa macho yangu.

Jua kwanza unakokwenda. Kutoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa mpaka Nangurukuru unatembea juu ya lami. Ukikata pale kuelekea Liwale, mbele yako kuna zaidi ya kilomita 200, na huko utakutana na changarawe, mchanga, mawe yenye ncha, na udongo unaonata mvua ikinyesha. Njia ya namna hii mara nyingi haiui tairi kwa kulimaliza kashata. Hulimaliza ubavuni. Jiwe linabana, kisiki kinachana, na ubavu ukishachanika hakuna fundi mwaminifu atakayekuzibia. Pancha ya juu kwenye kashata inazibika. Ya ubavuni ni tairi kutupa. Lishike hilo, maana ndilo lililoamua karibu kila tulichonunua.

Madukani utaoneshwa aina tatu. Lenye herufi H/T ni la lami: kashata nyembamba, halina kelele, ubavu laini. Lenye M/T ni la tope, kashata kubwa kama vipande vya tofali, na vijana wengi wanalipenda kwa sura. Nawaambia ukweli, kwa gari ambalo siku nyingi linazunguka Ilala na Magomeni, M/T ni kujitesa. Linanguruma, linaisha haraka kwenye lami, na lami ikilowa halishiki vizuri. Katikati ya hayo mawili yapo A/T, ya njia zote. Kwenye tope zito yatazidiwa na M/T, kwenye lami yatazidiwa na H/T, lakini safari yetu ina vyote viwili ndani ya siku moja. Tukachagua A/T.

Sasa soma ubavu wa tairi. Gari letu ni Prado la zamani, linavaa 265/70R16. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya mwisho ni rimu kwa inchi. Pembeni yake kuna namba nyingine ambayo watu wengi hawaitazami, kwa mfano 112S. Hiyo 112 ni uwezo wa kubeba: kilo 1,120 kwa tairi moja. Herufi S ni mwendo, mwisho kilomita 180 kwa saa. Ukikuta 121, hiyo ni kilo 1,450.

Utaniuliza, gari lenu lina uzito huo? Hapana, na hapa ndipo watu wanapochanganya. Kwa mzigo peke yake 112 ingetutosha na kubaki. Kilichotufanya tulipe zaidi ni herufi mbili, LT, zinazotangulia ukubwa wa tairi. Hilo limeundwa kwa magari ya mizigo, kwa mtaani wanaita tairi la plai 10, na kwa kawaida mwili wake ni mgumu kuliko lile la kawaida. Lina ubaya wake: ni zito, linakula mafuta zaidi kidogo, na gari linarukaruka likiwa tupu. Tofauti ya bei ilikuwa shilingi 90,000 kwa tairi, yaani 450,000 kwa matano. Kwenye kamati tulibishana jioni nzima. Ndugu mmoja akasema tuchukue ya bei nafuu tumtegemee Mwenyezi Mungu. Kisa cha ngamia na kamba yake mnakijua nyote, sikirudii hapa. Tukalipa.

Naam, matano. Wengi wananunua manne na kuacha spea ya zamani nyuma ya gari, imekaa juani miaka na miaka. Halafu siku ukiihitaji uko porini, jua linazama, na unafunga tairi lililopasukapasuka kama kisigino.

Nilishuka Msimbazi kwenye mwendokasi asubuhi, nikatembea kuelekea Gerezani. Kabla sijavuka barabara winga ameshanidaka: "Sheikh, tairi? Njoo kwa mwenyewe." Siwalaumu mawinga, ni riziki yao. Kariakoo yenyewe jina lake limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita vya Kwanza, basi tangu mwanzo ni mahali pa watu wanaoishi kwa kubeba mizigo ya wengine. Ila ujue kwamba kamisheni ya winga huwa imo ndani ya bei yako.

Duka la kwanza, matairi yalikuwa yanang'aa kuliko viatu vya bwana harusi. Nikauliza tarehe. Muuzaji akaniambia, "Hii mpya kabisa, bado ina nywele." Zile nywele za mpira si ushahidi wa chochote, tairi likikaa stoo miaka minane nywele zinabaki. Tazama neno DOT, kisha fuata mpaka mwisho wake utaona tarakimu nne. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi mengi yana tarakimu hizo upande mmoja tu. Na duka lile, kila tairi lilikuwa limeegemezwa ukutani upande wa tarehe ukiwa umefichwa. Nikaomba ligeuzwe. Akasema ni zito. Nikaligeuza mwenyewe, nikakuta 2716. Nikamtolea salamu, nikaondoka.

Kijana wa duka la tatu alikuwa tofauti. Nilimwonesha tairi la bei nzuri, akalishika, akaligeuza yeye, akasema: "Shehe wangu, hili la mwaka 2018. Kwa hapa mjini nakuuzia kwa bei yake. Kwa safari hiyo, hapana." Alikuwa na kodi ya fremu ya kulipa kama wenzake wote. Aibu ya bidhaa ameitaja kabla sijaiona, na akanipa risiti ya mashine bila kuombwa. Huko ndiko fedha zenu zilikokwenda.

Kwa nini nang'ang'ania tarehe? Mpira huzeeka hata ukiwa haujatembea, na joto na jua huuzeesha upesi. Wakubwa mnakumbuka tulikuwa na General Tyre pale Arusha. Uzalishaji ukasimama mwaka 2009. Kile cha Nairobi nacho kikafunga mwaka 2016. Leo tairi jipya la Kariakoo limekaa kwenye kontena, likakaa bandarini, likakaa stoo, kisha likatundikwa nje ya duka juani. Watengenezaji wengi wanasema tairi likifikisha miaka 10 tangu kutengenezwa litolewe hata kama kashata zipo, na baada ya miaka 5 likaguliwe kila mwaka. Mimi binafsi, kwa safari ya porini, lililozidi miaka miwili dukani silichukui.

Kuhusu mtumba: asiye na uwezo simkatazi, ila aingize mkono ndani ya tairi. Akikuta mpira umesagika kama unga pembeni, hilo liliwahi kutembezwa bila upepo, aliache. Na yale ya kuchonga, ambayo mtu amechukua tairi kipara akalikata kashata mpya kwa kisu cha moto, hayo ni hatari tupu kwa gari dogo. Yapo matairi ya malori yaliyoandikwa REGROOVABLE, hayo yameongezewa mpira kwa kazi hiyo. Lako halina. Ukilichonga unakaribia nyuzi.

Jambo la mwisho ni upepo. Tairi la LT linahitaji upepo zaidi ya ule ulioandikwa kwenye mlango wa gari ili libebe mzigo ule ule, kwa hiyo sisi tutatembea na 38 kwenye lami. Tukiingia kwenye vumbi tutashusha mpaka 28 hivi na kupunguza mwendo, kwani tairi lililolegea kidogo humeza jiwe badala ya kugombana nalo. Kwenye mchanga mzito, 18 au 20, polepole sana. Lakini ukirudi kwenye lami jaza kabla hujakanyaga mafuta. Upepo mdogo na mwendo mkubwa huzaa joto, na joto ndilo linalopasua. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri tumeinunua kwa chenji iliyobaki, pamoja na kipimo.

Yale manne ya zamani tumempa fundi wa katambuga pale Gerezani, na ameahidi jozi mbili za kwenda nazo.

Tunaondoka Jumamosi baada ya swala ya alfajiri, insha'Allah. Tukifika Kibiti tutasimama kukaza nati, maana rimu zilizofunguliwa karibuni hulegea safari ikianza. Mwenye gari la ukubwa mwingine aniandikie ukubwa wa tairi na njia anayokwenda, nitamjibu kwa ninachokijua.

Wabillahi tawfiiq.