Tulishuka Kivinje Kuona Njia ya Watumwa

Ukitaja Kilwa, wageni wengi hufikiria Kisiwani: Msikiti Mkuu, jumba la Husuni Kubwa, na magofu yaliyoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Ni vizuri kuyaona. Lakini sisi akina mama wa Kipatimu, tunaoishi katika wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, tulichagua kwenda mahali ambapo watalii wengi hupita bila kusimama. Tulikwenda Kilwa Kivinje, mji ambao katika karne ya 19 ulikuwa bandari kuu ya watumwa katika pwani yetu ya kusini.

Tulikuwa kumi na wanne, wa kikundi cha kanisa kinachotembelea wagonjwa majumbani. Baadhi yetu ni wauguzi, wengine wakulima, mmoja ni mwalimu. Wazo la safari lilitokana na posa iliyokwama katika jumuiya yetu. Kijana alikuwa mchapa kazi na mcha Mungu, lakini wazee wa upande wa binti walinong'ona kwamba babu ya babu yake "aliletwa". Hakuna aliyesema neno mtumwa. Hata hivyo kila mtu alilisikia. Ndipo tukasema: kama neno hili bado lina nguvu ya kuzuia ndoa ya Kikristo, basi twende tukaone lilikotoka.

KUSHUKA MILIMANI

Kipatimu iko katika milima ya Umatumbi. Asubuhi ukungu hutanda juu ya michungwa, na ukichelewa kidogo kuondoka utakuta gari limejaa magunia ya machungwa na wewe huna pa kukaa. Tuliteremka hadi Njia Nne, tukashika barabara kuu ya kusini kuelekea Nangurukuru.

Njiani tulikumbushana habari za Nandete, jirani zetu. Huko, Julai 1905, wazee wetu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na Vita vya Majimaji vikaanza. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo. Siku kumi baadaye Askofu Cassian Spiss wa Wabenedikto aliuawa njiani kutoka Kilwa kwenda Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Sisi Wakristo wa Umatumbi tunavibeba vifo vyote hivyo, maana hawa ni ndugu zetu wa damu na wale ni ndugu zetu wa imani. Na watu waliokuwa wameishi jirani na misafara ya watumwa hawakuhitaji kuelezwa maana ya kufanyishwa kazi kwa kiboko.

Hata njia ya pwani ina habari yake. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash wa Unguja alikubali mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Unguja likafungwa na kuwasafirisha watu kwa bahari kukakatazwa. Leo pale sokoni limesimama kanisa kuu la Anglikana. Lakini wafanyabiashara wa Kivinje hawakuacha kazi yao. Waliwatembeza watu kwa miguu kuelekea kaskazini, wakavuka mto Rufiji, wakafika mpaka Pangani, kisha wakavushwa kwa siri kwenda kwenye mashamba ya mikarafuu ya Pemba. Mwaka 1876 Sultani alipiga marufuku misafara hiyo ya nchi kavu pia.

Sisi tuliipita njia hiyo kwa muda mfupi, tukiwa na chupa za maji na maandazi. Wauguzi hatukuweza kuacha kuwaza miguu ile. Tunajua kidonda cha mguu kinavyokuwa siku ya tatu bila kuoshwa. Tunajua kuhara kunavyommaliza mtoto asiyepewa maji. Na mama aliyejifungua juzi, akiwa amefungwa kamba na wenzake, angekwenda umbali gani?

MJI WA MIVINJE

Kivinje ni mji mtulivu wa wavuvi. Mivinje ipo ufukoni, mikoko iko pembeni, na maji yakitoka mashua hulala ubavu juu ya tope. Boma la Wajerumani linaitazama bahari. Nyuma yake zipo nyumba za mawe ya matumbawe, nyingine zikiwa bado na milango yenye nakshi, nyingine zimebaki kuta tu na mizizi ya miti imepenya ndani yake. Akina mama walikuwa wanaanika dagaa juani, wakatukaribisha kwa kelele za furaha walipojua kwamba tumetoka Kipatimu. Swali lao la kwanza lilikuwa kama tumewaletea machungwa. Tulikuwa nayo!

Tulionyeshwa mahali paitwapo Mwembe Kinyonga. Hapo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895 kwa sababu aliwapinga. Jina la Kinyonga ndilo linalotumika mpaka leo kwa hospitali ya wilaya iliyoko Kivinje. Makunganya ni shujaa wa kupinga wakoloni, na anastahili kukumbukwa. Historia inamtaja pia kuwa mfanyabiashara wa misafara, na misafara ya siku zile ilibeba watu pamoja na pembe za ndovu. Mwalimu wetu alisema kwa sauti ya chini, "Kumbe mtu mmoja anaweza kuwa yote mawili." Tulinyamaza, kwa kuwa ni kweli.

BEI YA YUSUFU

Tulikaa kivulini, na mwalimu akatusimulia habari aliyoisoma. Tarehe 14 Septemba 1776, huko Kisiwani, Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa. Alikubaliwa kununua watu 1,000 kila mwaka. Bei ya kila mtu ilikuwa piasta 20 za fedha, na zawadi ya Sultani piasta mbili kwa kila kichwa. Watu hao walihitajika katika mashamba ya visiwa ambavyo leo tunaviita Mauritius na Réunion.

Mama mmoja alishtuka: vipande ishirini vya fedha! Ndiyo bei ambayo ndugu zake Yusufu walimuuzia kwa wasafiri waliokuwa wakienda Misri, kama tunavyosoma katika kitabu cha Mwanzo sura ya 37. Miaka maelfu ilikuwa imepita, na binadamu alikuwa bado anauzwa kwa hesabu ile ile.

Hapa inatupasa tuwe wakweli, wapenzi wasomaji. Mara nyingi tukisimulia utumwa wa pwani tunanyooshea kidole Waarabu peke yao, na wakati mwingine kidole hicho kinawafikia majirani zetu Waislamu ambao hawana kosa lolote. Morice alitoka katika taifa la watu waliobatizwa. Walioteka bara walikuwa mara nyingi Waafrika wenzetu, na wapo waliowauza hata jamaa zao. Waliokopesha fedha za misafara, walioendesha majahazi, walionunua karafuu na sukari kwa bei nafuu, wote walikula katika sahani moja. Katika dhambi hii hakuna dini wala kabila linaloweza kunawa mikono.

Wajukuu wa waliochukuliwa wapo. Mauritius watu huadhimisha kila tarehe 1 Februari siku utumwa ulipofutwa mwaka 1835. Réunion hukumbuka tarehe 20 Desemba, siku ya uhuru wa mwaka 1848. Ngoma ya maloya ya Réunion, iliyotokana na watumwa wa mashambani, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2009. Wengine wa damu ya pwani yetu wapo Oman na nchi za Ghuba, wengine India. Ukiwaza hivyo, bahari ya Kivinje haionekani tena kuwa mwisho wa nchi. Ng'ambo kuna jamaa.

BINTI AITWAYE SWEMA

Katika wote waliopita Kivinje, wengi hatujui hata majina yao. Mmoja tunamjua. Aliitwa Swema, binti wa Kiyao, na habari zake ziliandikwa na wamisionari wa Roho Mtakatifu na kuchapishwa mwaka 1870. Baba yake alifariki, mama yake akaingia katika deni, na binti akachukuliwa kuwa malipo. Mama alikataa kuachana na mwanawe, akaufuata msafara. Njiani aliishiwa nguvu, akaachwa afe. Swema alifikishwa Kilwa, akapakiwa katika jahazi mpaka Unguja. Alifika hali yake ikiwa mbaya sana hata akaonekana hafai kuuzwa, akafukiwa mchangani angali hai. Kijana mmoja mwenye asili ya Réunion alimsikia, akamfukua na kumpeleka misheni.

Masista waliompokea walikuwa Mabinti wa Maria, shirika lililoanzishwa Réunion mwaka 1849, ambalo liliwapokea pia wanawake waliotoka utumwani. Fikirini jambo hilo. Kisiwa kilichonunua watu kutoka Kilwa ndicho kilichotuma wanawake wa kumwokoa binti aliyetoka Kilwa.

Swema alipopona alisaidia kuhudumia wagonjwa. Habari zake zinasema kwamba siku moja aliletewa majeruhi, na alipomtazama alimtambua: ni yule aliyeongoza msafara uliomwacha mama yake. Moyo wake ulipambana sana. Mwishowe alimsafisha vidonda na kumsamehe.

Wauguzi katika kundi letu tulitazamana. Kila mmoja wetu amewahi kushika bandeji mbele ya mtu ambaye hakumpenda. Lakini hiyo ya Swema ni shule nyingine. Nasi hatusemi kwamba msamaha wake unafuta deni la waliomtenda. Unaonyesha tu kwamba hawakufaulu kumfanya kitu.

MAZUNGUMZO BARAZANI

Mchana tulikaribishwa barazani kwa bibi mmoja, Mwislamu, mwenye umri mkubwa.

"Shikamoo, Bi mkubwa."

"Marahaba wanangu. Karibuni, kaeni, mkeka huo."

Tulikunywa chai ya tangawizi kwanza. Kivinje si mahali pa kuingia na maswali mkononi. Baadaye mwalimu aliuliza kwa heshima kama wazee walisimulia habari za watumwa. Bibi alikaa kimya, akatengeneza kanga yake, kisha akasema: "Mwanangu, hapa mtu haulizwi babu yake aliingiaje mjini. Tulizikana pamoja, tukaozana, tukanyonyeshana watoto. Ukianza kuchambua, nani atabaki?"

Yule mama wa binti mwenye posa alikuwa kati yetu. Aliuliza, "Na kama mtu anachambuliwa akitaka kuoa?"

Bibi alimtazama vizuri. "Aibu ni ya aliyeuza, mama. Aliyeuzwa ana aibu gani?"

Sheria ilikwisha kusema siku nyingi. Wajerumani waliamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 wawe huru, na mwaka 1922 utumwa ulifutwa kabisa kisheria katika Tanganyika. Lakini sheria haiingii katika minong'ono ya jikoni. Huko tunaingia sisi akina mama. Ni sisi tunaowaambia watoto nani ni mwenzao na nani si mwenzao. Mtume Paulo alimwandikia Filemoni ampokee Onesimo kama ndugu mpendwa, wala hakumwomba kwanza achunguze ukoo wake.

Tuliporudi nyumbani, mama yule aliongea na mumewe na mashemeji zake. Mahari yalipokelewa baada ya miezi miwili. Mashemeji wawili hawakuhudhuria, na mpaka sasa hawajaja kumwamkia bwana harusi. Tunaendelea kuwaombea na kuwatembelea.

WATOTO WETU WA LEO

Jambo moja lilitusumbua zaidi katika safari ya kurudi. Swema alichukuliwa kwa sababu ya deni. Je, katika vijiji vyetu hakuna binti anayeondoka kwa sababu ya deni? Anakuja mtu mwenye maneno matamu, anasema anatafuta msichana wa kazi wa kwenda Dar es Salaam, anamwachia mzazi fedha kidogo, na gari linaondoka. Mshahara haujatajwa. Anwani haijaachwa. Baada ya mwaka binti anarudi akiwa na mimba au na makovu, au hana habari kabisa. Sisi wa zahanati tumewapokea wasichana wa namna hiyo.

Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 dhidi ya biashara haramu ya usafirishaji wa binadamu, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14. Wazazi wengi hawazijui. Kwa hiyo kikundi chetu kimeanza daftari. Msichana akiitwa kazini mjini, tunakwenda kwa wazazi wake na kuuliza mambo manne: ana umri gani, anakwenda kwa nani na mtaa gani, atalipwa kiasi gani, na tutawasilianaje naye. Majibu tunayaandika na nakala inabaki kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenye nia njema hajibu kwa hasira. Wawili waliokuja kutafuta wasichana waliona daftari wakaaga haraka, nasi tukamshukuru Mungu.

Dada msomaji, ukipata nafasi ya kutembelea Kilwa, fika Kisiwani, lakini tenga siku moja kwa Kivinje. Vaa kwa heshima, funga kanga, salimia wakubwa kwa shikamoo, nunua samaki kwa akina mama wa ufukoni. Usiulize asili ya mtu. Kaa kidogo mbele ya bahari umwombee Swema na mama yake, na wale wasiojulikana majina. Kisha ukifika kwako, uliza kijijini ni binti gani ameondoka mwaka huu, na kama kuna mtu anayejua alipo.