Samaki wa Guka

Kwetu, upande wa Kiganjo, mto Thego ulikuwa wa kila mtu, lakini samaki wake walikuwa wa wageni. Tuliteka maji pale, mama zetu walifua pale, ng'ombe walinyweshwa pale jioni. Wageni walifika Jumamosi kwa magari yao, wakavaa viatu vya mpira vinavyofika mapajani na kusimama majini tangu asubuhi hadi jua lilipoegemea Nyandarua. Sisi watoto tuliwatazama kutoka ng'ambo, tukichoka tunakwenda zetu nyumbani kula githeri.

Guka, babu yangu, ndiye aliyewalea samaki hao. Aliandikwa kazi katika kituo cha trauti cha Kiganjo miaka michache baada ya Hali ya Hatari kuondolewa. Kituo kilianzishwa mwaka 1948, ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya, jirani na Sagana Lodge, nyumba ile ambamo Binti Mfalme Elizabeth alipashwa habari ya kifo cha baba yake Februari 1952. Maji yalitoka mtoni moja kwa moja, na yalikuwa baridi kiasi cha kufanya vidole vya guka viwe vigumu hata alipokuwa ameketi motoni nyumbani. Alipenda kutueleza kazi yake. Jike anashikwa kwa kitambaa kilicholowa, tumbo linapapaswa taratibu kuelekea mkiani, mayai yenye rangi ya chungwa yanamwagika kwenye beseni. Dume anakamuliwa juu yake, kisha vyote vinakorogwa kwa unyoya wa kuku, kwa sababu kijiko kingeyaumiza. Mayai yanalazwa kwenye trei, maji yanapita juu yake usiku na mchana, na baada ya takriban mwezi mmoja yanaanguliwa. Yai lililokufa hugeuka jeupe. Hilo lazima litolewe upesi kabla ukungu haujayashika mengine, na guka alikuwa akikesha akiyaokota moja moja kwa kibano. Watoto wa samaki wakishakua kidogo, walipelekwa kutiwa katika mito ya Mlima Kenya na Nyandarua.

Trauti ni mhamiaji katika milima yetu. Mayai ya kwanza yaliletwa na Mwingereza Ewart Grogan mwaka 1905 kutoka Loch Leven, Uskoti, yakatiwa katika mto Gura, ule unaoteremka kwa kishindo kutoka Nyandarua. Kabla ya hapo, mito hiyo ya juu yenye maji baridi haikuwa na trauti hata mmoja. Guka aliisimulia habari hiyo kama asili ya ukoo, nani alitoka wapi, akavuka wapi, akapata makao wapi.

Wala hakuwahi kumla. Wagikuyu wa rika lake walimweka samaki kundi moja na nyoka, na mtu mwenye heshima zake hakuleta kitu kama hicho kwake. Ndipo ikaja njaa ya 1984. Mvua zilikosekana, serikali ikaagiza mahindi ya njano kutoka ng'ambo, tukala ugali ambao rangi yake iliwaudhi wazee kuliko ladha yake. Mwaka huo, kazini, wenzake waliotoka Nyanza walimkaribisha samaki wa kuchoma, naye akala. Aliporudi alimwambia cucu, bibi yangu, waziwazi. Cucu akamjibu kwamba asije akamgusa kabla ya kunawa.

Nadhani hilo lilimkaa moyoni. Alikuwa amewalea samaki hao miaka ishirini hivi, wageni wakawala na kuwasifu, na katika boma lake mwenyewe hapakuwa na hata mtu mmoja aliyejua ladha ya kazi ya mikono yake. Likizo ya Agosti mwaka uliofuata akanichukua mimi. Nilikuwa bado nasari, na nilikuwa msichana, jambo lililomshangaza kila tuliyepishana naye njiani. Lakini nina jina la cucu, kwa hiyo guka aliniita "mke wangu", na mwanamume hahitaji ruhusa ya mtu kutembea na mkewe.

Agosti kwetu ni ukungu na manyunyu. Mto ulikuwa mdogo na mwangavu. Guka alibeba ufito wa mwanzi na leseni yake ya kuvua, karatasi iliyokunjwa mara nne na kutiwa kwenye mfuko wa plastiki, maana askari wa samaki walikuwa wakali na yeye hakutaka kuulizwa swali mbele yangu. Ndoana ilifichwa ndani ya inzi wa bandia aliyemtengeneza mwenyewe kwa manyoya ya jogoo na uzi mwekundu. Uzi aliuchomoa kwenye kiondo cha cucu, tena bila kumwambia.

Kabla ya kuvua aliinua jiwe kutoka mtoni na kuligeuza. Chini yake palikuwa na vifuko vidogo vilivyojengwa kwa punje za mchanga, vimeshikana na jiwe. Akaminya kimoja, akatokea mdudu mweupe mwenye kichwa cheusi, akijipinda. "Umeona, mke wangu? Huyu akikua anaota mabawa. Trauti anamngoja." Akanionyesha jinsi samaki anavyolala akikabili mkondo, chakula kimfuate mdomoni, na kwamba kwa hiyo sisi tunamwendea kutoka nyuma, kwa magoti, kivuli chetu kisiguse maji. Nilitambaa kwenye nyasi zilizolowa hadi sweta ikawa nzito. Sikuuliza kitu. Kwa mara ya kwanza mtu mzima alikuwa akininong'oneza kana kwamba tuna kazi moja.

Alinishika kifundo cha mkono tukarusha pamoja. Inzi alibebwa na maji, akapita kando ya jiwe, akatoweka. Ufito ukapinda. Guka akauachia mkononi mwangu.

"Usivute kwa nguvu. Mwache achoke."

Tulipomfikisha ukingoni, guka alilowesha mikono kwanza ndipo akamshika. Alitosha kulala kwenye kiganja chake, mkia ukining'inia. Ngozi ilikuwa laini, magamba huyaoni. Madoadoa meusi mgongoni, mkanda wa waridi ubavuni, na karibu na mkia, juu, kijipezi kidogo cha nyama kisicho na mwiba, ambacho guka aliniambia nikiguse. Akampiga kichwani kwa jiwe mara moja. Kumwacha akitapatapa, alisema, ni ukatili.

Cucu alikataa katakata kutoa sufuria. Tukamchoma nje, juu ya bati, kwa chumvi tu. Nyama yake ilikuwa tamu, na ilibanduka kwenye mifupa bila taabu. Mama alionja kipande akitazama mlango wa jikoni, ambao cucu alikuwa ameufunga.

Guka alifariki nikiwa sekondari. Siku hizi mito ya upande wa magharibi wa mlima, Naro Moru na Burguret, hupungua mno kiangazi kwa sababu ya maji yanayochotwa huko juu kumwagilia mashamba, na hilo linaniuma, kwa kuwa trauti hastahimili maji kidogo yaliyopata joto. Mwaka 2009 serikali ilipoanza kuwachimbia wakulima mabwawa ya samaki, ya mita 300 za mraba kila moja, jirani yetu alipata lake akafuga ngege. Cucu, akiwa na miaka themanini na kitu, aliomba apelekwe kuliona.

Alisimama pale na bakora yake, akauliza maji yanaingilia wapi na yanatokea wapi. Akawaambia vijana kwamba samaki wa mzee wake hangelala hai humo hata usiku mmoja, kwa sababu anataka maji yanayotembea, na baridi. Kisha akawaeleza habari za mayai, kibano na unyoya wa kuku, hatua kwa hatua, bila kukosea, naye hajapata kuweka kipande cha samaki mdomoni. Kijana mmoja akamuuliza amejuaje yote hayo.

"Nililala na mtu wa kazi hiyo miaka arobaini," akasema. "Unafikiri usiku tulikuwa tukiongea nini?"