Butembo: resori za mlango wa garaji nusura zimuumize baba wa familia

Butembo, Kivu ya Kaskazini – Tangu walipokimbia vita upande wa Kanyabayonga, baba mmoja, mke wake na watoto wao watano wanalala ndani ya garaji ya ndugu yao. Mlango wake ni wa chuma, wa kunyanyua juu kwa mikono, na una resori mbili, moja kila upande. Familia haina mlango mwingine. Watoto wanapita hapo asubuhi kwenda masomo, na usiku anayetaka choo anapita hapo hapo.

Mlango ulianza kuwa mzito. Ukiuachilia, unaanguka. Siku moja mtoto wa mwisho alikosa kidogo tu kukatwa vidole.

Baba hakutaka kumsumbua mwenye nyumba. Anayelala kwa watu huona haya kuomba kila siku. Basi akaazima spana, akafunga mlango, akaanza kulegeza ndoano ya resori akiwa ndani. Mke wake, aliyebaki nje na watoto, aliogopa. Akakimbia kumwita jirani, fundi wa vyuma.

«Papa, toa mkono hapo!» fundi alipaza sauti nyuma ya mlango. «Mlango ukiwa chini, resori imevutika yote. Ukiifungua sasa, ndoano itakuruka usoni!»

Baba alitii. Waliunyanyua mlango pamoja mpaka juu kabisa, kwa sababu hapo ndipo resori inalegea. Fundi akasimamisha miti miwili minene ya mikaratusi chini yake, mmoja kila upande, ili usianguke. Watoto wakapelekwa mbali. Ndipo alipohamisha ndoano tundu moja tu, kushoto na kulia sawasawa. Kabla ya kumaliza, alipitisha waya mgumu katikati ya kila resori na kufunga ncha zote mbili, ili resori ikikatika isiruke.

Kisha wakaondoa miti na kupima. Mlango ukiachwa katikati, kwenye kimo cha kiuno, unapaswa kusimama wenyewe. Ukishuka, resori bado zimelegea. Ukipanda, zimekazwa kupita kiasi.

Fundi alionya pia kwamba resori yenye ufa au iliyoliwa na kutu haikazwi, inabadilishwa, na zote mbili kwa pamoja. Na ile iliyozungushwa kwenye mtalimbo juu ya mlango, mtu asiiguse nyumbani. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vyombo vyake.

Fundi hakuomba hata franka moja. «Papa, kuomba msaada si aibu,» alimwambia. «Ukipoteza jicho, nani atawalimia hawa watoto mkirudi nyumbani?»

Baba hakujibu. Jioni hiyo mke wake alinyanyua mlango kwa mkono mmoja, mtoto akiwa mgongoni. Baba bado anawahesabu watoto kwanza kabla ya kuushusha.